Kipese: mila za milimani ambazo mtoto anazipata kwa mama



Mgeni aliyekuja Kivu ya Kaskazini kutembea alipelekwa Virunga kuona ngagi na volkano. Ni nadra kusikia mtu amepanda Kipese kwa kuangalia tu. Hata sisi wenyewe wa mjini tunaijua Kipese kwa magunia: viazi, shu, karoti, puaro na vitunguu vinavyoshushwa sokoni asubuhi. Tunanunua, tunapika, tunasahau kwamba nyuma ya kila gunia kuna watu wenye mila zao, na kwamba mila hizo ni zetu pia.

Tumechagua kuandika juu ya Kipese wiki hii kwa sababu moja. Katika vikundi vyetu tunakutana na watoto wanaoitwa Masika, Kambale au Kavira. Ukimuuliza mtoto jina lake linasema nini, anakutazama tu. Wengine wamezaliwa mjini. Wengine vita viliwatoa kijijini wakiwa mgongoni mwa mama, na hawajarudi. Wazee wanaoyajua mambo wanaendelea kutuacha, mmoja mmoja. Ikiwa mama hatasema, mtoto atayasikia kwa nani?

Nchi ya baridi karibu na ikweta

Kipese iko katika milima ya teritwari ya Lubero, upande wa kusini mwa Butembo. Mstari wa ikweta unapita katikati ya Butembo na Lubero, na kwa hiyo mtu asiyefika angedhani ni nchi ya joto kali. Lakini milima ya Lubero inafika mita 2000 na kupita. Asubuhi ukungu unalala mabondeni, na mtoto haendi masomoni bila kujifunika. Mama wa kule hauzi kitenge cha pili hata akikosa franka, kwa sababu ndicho blanketi la mtoto aliyembeba.

Baridi hiyo ndiyo inayolisha miji. Shu, karoti, puaro, njegere na viazi vinapenda udongo wa juu na hewa ya baridi. Ngano pia inalimwa katika milima ya Lubero tangu wakati wa wakoloni. Mboga zinashuka kwa lori mpaka Butembo na Beni, na tangu zamani wafanyabiashara wetu wamezifikisha hata Kisangani. Mvua ikikata barabara, shu zinaoza kando ya njia, na mama aliyekopa mbegu anabaki na deni.

Wenyeji ni Wanande, wanaojiita pia Wayira. Wazee wanasimulia kwamba mababu walitoka upande wa mashariki, wakavuka mto Semliki, wakapanda milima wakifyeka pori na kulima. Ndugu zao Wakonzo walibaki kwenye miteremko ya Rwenzori, na mpaka uliochorwa na wakoloni ukawaweka Uganda. Serikali ya Uganda ilitambua ufalme wao wa Rwenzururu mwaka 2009. Mkonzo wa Kasese na Mnande wa Kipese wakikutana sokoni wanasikilizana bila mkalimani.

Jina ni hesabu ya uzazi

Tuanze na kitu ambacho kila mama anaweza kumfundisha mtoto leo jioni bila kutumia hata franka moja. Kwetu jina la kwanza la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi.

Mvulana wa kwanza anaitwa Paluku, au Mumbere, au Nzanzu. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka. Wa nne ni Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana mpango wao: Masika ni wa kwanza, Kavira wa pili, Kavugho wa tatu, Kahambu au Mbambu wa nne, Katungu wa tano. Mama akizaa wavulana mfululizo, halafu akapata msichana, anaweza kumwita Kahindo. Ikiwa ni mvulana aliyekuja baada ya wasichana, ni Muhindo. Jina hilo linatangaza kwamba uzazi umegeuka. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kitsa.

Vuka sasa mpaka, uende kwa Wakonzo. Paluku wetu kwao ni Baluku. Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Kavira ni Biira, Kavugho ni Kabugho. Serikali mbili, bendera mbili, lakini mama wa pande zote mbili wanahesabu watoto wao kwa hesabu moja.

Tufikirie maana yake. Mtu akisema anaitwa Kasereka, ametaja bila kusema kwamba mbele yake kuna Paluku na Kambale. Anabaki Kasereka hata kama Kambale alikufa akiwa mchanga. Majirani watasahau, lakini jina la mdogo wake litaendelea kumkumbuka. Wamama waliopoteza watoto katika vita au katika magonjwa wanaelewa uzito wa jambo hili. Hakuna mtoto anayefutwa katika hesabu.

Ndiyo sababu tunasikitika mtoto akiandikishwa masomoni kwa majina ya mbali peke yake. Jina la ubatizo ni zuri, lakini lisifukuze jina la nyumbani. Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka, wataalamu wa lugha yetu waliochapisha kamusi kubwa ya Kinande na Kifaransa mwaka 2012, wanaheshimiwa katika vyuo vya nchi za mbali. Jina la Kambale halikumzuia mwenyewe kufika.

Moto wa kyaghanda na moto wa jikoni

Katika kijiji cha zamani, wanaume walikuwa na mahali pao pa kukaa jioni kuzunguka moto. Mahali hapo panaitwa kyaghanda. Pale ndipo walipozungumza mambo ya mashamba, ya ndoa, ya magomvi kati ya majirani. Kijana alikaa pembeni akisikiliza jinsi mzee anavyosema neno lake bila kutukana, na jinsi mwingine anavyomjibu. Leo neno hilo limechukuliwa hata mijini: Kyaghanda ni jina la muungano wa Wayira.

Moto wa pili ulikuwa jikoni, kati ya mafiga matatu. Huo haukupewa jina kubwa, lakini tunaamini ulifundisha watu wengi zaidi. Pale koko alitegua vitendawili huku viazi vikiiva. Pale msichana alijifunza kupima unga kwa mkono, kujua kuni zinazotoa moshi na zisizotoa, kugawa chakula kidogo ili kila mtu apate. Pale mtoto wa kiume pia, kabla hajaruhusiwa kukaa na wanaume, alijifunza Kinande safi, pamoja na neno la kwanza la heshima: wasingya, yaani asante.

Wavulana walikuwa na fundisho lao lingine kubwa, olusumba, yaani tohara iliyofanyika porini, mbali na macho ya wamama. Haikuwa ya kila mwaka, na mtoto alirudi akihesabiwa kuwa mwanaume. Siku hizi wavulana wengi wanatahiriwa hospitalini, na tunashukuru kwa usafi na dawa. Lakini kisu cha daktari hakifundishi jinsi ya kuheshimu mke, kulinda dada na kulima shamba. Sehemu hiyo imebaki bila mwalimu, na mara nyingi inaangukia mama.

Kitunga mgongoni, jembe mkononi

Atakayefika Kipese ataona kwanza wamama njiani. Mzigo uko mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso, shingo imeinama mbele, na mikono iko huru, mmoja ukishika jembe. Viazi, kuni, ndoo ya maji, vyote vinapanda mlima namna hiyo. Mashamba yako kwenye miteremko mikali, na mlimaji anaanzia chini akipanda.

Mama peke yake hawezi mteremko huo. Kwa hiyo kuna desturi ya kulimiana: leo tuko kwako, kesho kutwa kwangu, wiki ijayo kwa mjane. Mwenye shamba anapika viazi na maharagi, na kazi ya siku tano inaisha kwa siku moja. Kutoka hapo hatua ni fupi kufika likelemba, ambapo kila mmoja anatoa kidogo na mmoja anapokea vyote kwa zamu, na leo vikundi vya avec vinavyoweka akiba sandukuni. Wanaofundisha avec wakidhani wametuletea jambo jipya, tuwaambie kwa upole kwamba koko zetu waliweka akiba ya nguvu za mikono kabla ya kuweka akiba ya franka.

Barabara pia zimejengwa hivyo. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, anakumbukwa na wazee kwa kuwahimiza watu watengeneze barabara kwa mikono yao wenyewe, bila kungoja serikali. Jembe na kitunga vya wamama vilikuwemo katika kazi hiyo, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Chakula cha Kipese kinafuata udongo wake: viazi, maharagi, njegere, mboga za majani. Muhogo wa bukari na ndizi za kutengeneza kasiksi vinatoka zaidi sehemu za chini, zenye joto. Samaki wanatoka ziwa Edward, Vitshumbi na Kyavinyonge. Zamani chumvi ilitoka Katwe, ng'ambo ya ziwa, na wafanyabiashara walitembea siku nyingi kuifuata. Kwa hiyo chungu kimoja cha Kipese kina mlima, bonde na ziwa ndani yake. Watu wa milimani hawajawahi kuishi peke yao.

Mbuzi wa mahari

Kwetu mahari inahesabiwa kwa mbuzi. Hata leo, pale ambapo jamaa ya kijana inaleta franka, wazee wanazungumza kwa mbuzi: wangapi, wa nani, lini. Kijana haendi peke yake. Anatumwa msemaji anayejua kusema na kunyamaza. Mbuzi wakifika hawawi mali ya baba tu. Wanagawanywa katika jamaa, na mjomba naye ana sehemu yake, kwa sababu msichana alitoka pia katika tumbo la dada yake.

Maana ya kugawanya ni hii: wengi wakipokea, wengi wanabeba jukumu. Ndoa ikipata shida, shangazi na mjomba hawawezi kusema haiwahusu. Walikula mbuzi. Wao ndio wa kwanza kuitwa, na wao ndio wanaopaswa kumsikiliza binti yao kabla ya kumrudisha kwa mume.

Tunasikitika kwamba siku hizi maana inapotea na bei inabaki. Kuna jamaa zinazotaja vitu vingi mpaka vijana wanakimbia, wanaishi pamoja bila kuagana na wazazi, na watoto wanazaliwa bila jamaa mbili kukaa pamoja hata siku moja. Tena kuna mume anayesema nilikununua. Hakununua mtu. Mbuzi ni kamba ya kufunga jamaa mbili, na mwenye kusema hivyo amekata kamba mwenyewe.

Mila za kubeba na mila za kuweka chini

Waswahili wanasema mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli. Lakini hatuwezi kuwaambia binti zetu wabebe kila kitu bila kuchagua, kwa sababu mzigo mwingine unavunja mgongo.

Jambo la kwanza ni shamba. Katika desturi yetu, ardhi ina wenyewe wa kimila, na mlimaji anatoa muhako, malipo ya heshima ambayo kwa kawaida yalikuwa mbuzi. Haki ya kulima inapita kwa baba na wana wa kiume. Msichana anahesabiwa kwamba ataolewa, atalima kwa mume. Je, akiachwa? Je, mume akifa na ndugu zake wakataka shamba? Wamama wangapi wa milima hii wamelima miaka 20 udongo ambao siku moja waliambiwa si wao?

Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza. Wanapata robo tatu ya urithi, na wanagawana sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016 na kuongeza haki za mke katika ndoa. Umri wa kuolewa ni miaka 18, kwa msichana kama kwa mvulana. Kumrithi mjane kama vile anavyorithiwa mbuzi si jambo ambalo mama anapaswa kukubali kwa sababu ya kuogopa wazee. Ndoa yake iandikishwe kwa serikali, na karatasi za shamba ziwe na jina lake, maana siku ya magomvi karatasi inasikilizwa kuliko machozi.

Tunajua kuna watakaosema kwamba tunaharibu mila. Tunawakumbusha mwaka 2018. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti mwaka huo, ikashika Mangina, Beni, Butembo na sehemu za Lubero, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2200 walikufa. Kwetu maiti huoshwa na wa nyumbani kwa mikono, na kilio ni kukaa pamoja usiku kuzunguka moto, majirani wakileta kuni, unga na maharagi. Ilikuwa vigumu sana kukubali mtu wetu azikwe na watu waliojifunika uso. Wengine walikataa, na ugonjwa ukaingia katika nyumba zao. Lakini hatimaye wamama walijifunza kulia wakisimama mbali, kuimba bila kugusa, kupeleka unga mpaka mlangoni na kurudi. Mapendo hayakufa. Tuliweka chini sehemu iliyoua, tukabaki na sehemu inayofariji. Ikiwa tuliweza katika kilio, tutaweza katika shamba na katika ndoa.

Vita vinapotawanya mafiga

Kuna hatari nyingine ambayo haiji kwa kuchagua. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika upande wa Beni yameondoa watu katika vijiji vingi. Mwishoni mwa Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba, jamaa nyingi zilipanda barabara kuelekea Lubero na Butembo na godoro kichwani. Wamama wa milimani wamepokea wageni katika nyumba ambazo hazikuwa na nafasi. Wamegawa viazi vya mbegu. Hiyo nayo ni mila, na hatujasikia ikisifiwa vya kutosha.

Mtoto aliyekimbia anapoteza shule, na tunalisema sana. Anapoteza pia moto wa jikoni. Analala katika darasa au kwa watu, koko yake amebaki nyuma au amezikwa njiani, na mama anashinda akitafuta kibarua. Jioni hakuna hadithi kwa sababu hakuna nguvu. Miaka mitano ikipita hivyo, tutakuwa na vijana wanaojua majina ya bunduki lakini hawajui kwa nini wanaitwa Kasereka. Kijana asiyejua yeye ni wa tatu kwa nani, wa jamaa gani, wa mlima gani, ni rahisi kwa mtu mwenye silaha kumpa jina jipya.

Kwa hiyo tusingoje amani ndipo tufundishe. Mafiga ni mawe matatu tu. Yanaweza kuwekwa hata mbele ya hema.

Kazi ya vikundi wiki hii

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo manne, kwa kadiri ya uwezo.

Kwanza, kila mama aketi na watoto wake aeleze majina yao, mmoja baada ya mwingine, pamoja na ya wale waliofariki. Mtoto aandike katika daftari: jina langu, maana yake, jina la koko, kijiji chake.

Pili, kikundi kimwalike mama mzee mmoja, hasa aliyetoka milimani au aliyekimbia vita, asimulie kwa Kinande alivyoolewa, alivyolima, alivyolea. Mwenye simu arekodi sauti yake kwa ruhusa yake. Asiondoke mikono mitupu: unga, sabuni au kuni vinatosha kumwambia wasingya.

Tatu, wakati wa likelemba au avec, chukueni nusu saa kuuliza: nani kati yetu ameandikisha ndoa yake? Nani ana karatasi ya shamba? Wasio nazo wasindikizwe na wenzao, wasiende peke yao.

Nne, njia zikiwa salama, mama wa mjini ampeleke mtoto shambani milimani hata siku moja. Apande mteremko, abebe kitunga kidogo, ale viazi palepale vilipochimbwa. Pale ambapo njia si salama, mlete mama wa milimani kwenu.

Tutafurahi kusikia mliyoyapata. Tuleteeni hadithi, vitendawili na maana za majina ambayo hatukuyataja hapa, kwa maana ni mengi. Na safari nyingine mkinunua shu la Kipese sokoni, kabla ya kushusha bei, mwulizeni anayewauzia anaitwa nani. Jina lake litawaambia yeye ni wa ngapi kwa mama yake.